Majina ya Kusoma Kwanza

Mashine ya kumsaidia mama kupumua tulipewa bure, na yeyote anaruhusiwa kuirekebisha na kuigawa. Sharti ni moja: kabla haijawaka, uisomee kwa sauti majina ya wote walioitengeneza. Mwanzoni yalikuwa kumi na mawili. Kila anayeirekebisha huongeza lake; sasa ni mia nne, na mengine hayatamkiki.

"Ruka, mwanangu," mama alisema leo, kifua kikikoroma.

"Nikiruka inanirudisha mwanzo, mama."

Mwezi uliopita niliifundisha kusema Kiswahili, nikaongeza jina langu mwishoni. Mama alicheka. "Kumbe nimezaa fundi!"

Leo nimesoma pole pole, sikukosea hata moja. Nilipotamka la mwisho, langu, "Mwanakombo Shee", mashine ikawaka, ikampulizia mama hewa ambayo hakuivuta.