Mkate wa Boga

Alfajiri gizani, makaa yalitatarika juu ya kifuniko cha sufuria. Ndani, mkate wa boga ulikuwa unaiva. Boga alilipanda Tunu mwenyewe nyuma ya nyumba. Mama mkwe wake alikuwa ameahidi kwamba akiridhika na mkate huo, atampa Tunu jiko la kwake peke yake.

Kulipokucha, mama mkwe aliukata, akaonja.

"Mtamu. Na boga la kwanza la bustani yangu, nani kakuruhusu ulikate?"

"Nililipanda mimi, mama."

"Kwenye udongo wa nani, mwanangu? Basi utaendelea kupuliza moto wangu."

Mama mkwe akaumegamega mkate wote, akawamwagia kuku. Wakaugombania mpaka ukaisha.

Binti mdogo wa Tunu akamvuta kanga.

"Mama, kuku wameupenda."