Upande Uliobaki

Mwakio aligawa nywele za bintiye kwa kitana, akaanza kusuka mstari mwingine. Siku hizi kituo cha ustawi wa watoto humrudishia baba mtoto wake bangili ya mtoto ikiwaka kijani mikononi mwa baba huyo. Ya Wakesho ilikuwa nyekundu tangu asubuhi, rangi ya hofu.

“Baba, unasuka kama unafunga mbuzi!”

“Mbuzi hanisumbui hivi, mama.”

Wakesho akacheka. Vidole vya Mwakio vikapata mwendo, na baada ya muda bangili ikageuka kijani.

“Hongera, Baba Wakesho,” alisema Bi. Saru, afisa wa ustawi. “Ikiwaka hivi na kesho, mnakwenda nyumbani.” Akatoka.

Wakesho akanong’ona, “Nimebana pumzi, nikaitoa polepole. Watoto wote hapa tunajua kuigeuza kijani hivyo.”

“Kumbe bado unaniogopa?”

“Kidogo. Lakini nataka kwenda nyumbani.”

Mwakio akafumua mstari alioukaza mno.

“Kesho usibane pumzi,” alisema. “Nitasuka taratibu, iwake yenyewe.”

“Na isipowaka?”

“Nitarudi kesho kutwa.”

Akamfunga kitambaa, upande mmoja ukiwa bado haujasukwa. Mkononi mwa Wakesho, bangili ilikuwa imerudi nyekundu.