Nyumba Iliyokataa Kuitikia Hodi

Kwa mujibu wa sheria tukufu ya Lindi, nyumba isipoitikia hodi yenyewe, haipangishwi. Mama alihamishiwa kazi hospitali ya huko kutoka Njombe, na kabla sijarudi shule ya bweni tulibisha mtaa mzima. Nyumba zote zilinyamaza. Ya mwisho ilikuwa na baraza zuri lenye upepo, nayo ikanyamaza.

"Hazipendi wageni wa bara," akasema dalali. "Utalala gesti, dada."

Macho ya Mama yakalowa. Basi nikazunguka uani, nikabana pua, nikatamka kupitia dirisha la jiko: "Karibuni, wanangu."

"Imeitikia!" Mama akapiga vigelegele. Dalali akatoa ufunguo.

Jumapili ya kwanza shuleni nikampigia simu.

"Mama, ni mimi, Zabroni."

"Shika adabu yako, kijana. Zabroni amegoma kurudi shule. Yuko jikoni, tunazungumza. Tangu tuhamie hapa ameacha hata utani."

"Mama, niko bwenini!"

Kutoka jikoni nikasikia sauti yangu mwenyewe, bila pua iliyobanwa, ikiuliza kwa upole ambao sijawahi kuwa nao: "Mama, nani huyo?"