Betri Juani

"Kipa hana kosa?" Bi Radhia aliiuliza redio, mkono ungali kwenye gurudumu la cherehani. "Kapigwa tobo mchana kweupe, halafu hana kosa!"

Kila asubuhi alimpigia simu Shomvi, mtangazaji wa kipindi cha michezo, kumweleza alivyopotoka. Leo alijiona amechoka kumfundisha. Sauti ya redio nayo ilikuwa ikififia.

"Umeona? Hata betri zimemchoka."

Akazichomoa, akatoka nazo uani huku akimtangazia mumewe, Mzee Kitwana, kwamba anakwenda kuzitupa, na Shomvi hatasikika tena humu ndani.

Aliporudi kushona, Mzee Kitwana akachungulia uani. Betri zote mbili zilikuwa zimelazwa vizuri juu ya bati la banda la kuku, pale jua linapopiga.

"Mke wangu, umezitupa au umezianika?"

"Nimezitupa. Hebu niache nishone."

Basi akashona. Mara redio ya jirani ikapandishwa, na sauti ya Shomvi ikavuka ua. "Wasikilizaji, yule mama yetu wa cherehani leo kimya. Mama, unaumwa? Haya, mimi nasema yule kipa apewe unahodha!"

Cherehani ikanyamaza.

Mzee Kitwana alikwenda bandani, akakuta kivuli kimeanza kuzifikia betri, akazisogeza juani. Nyuma yake mlango ukafunguka kwa kishindo. Mkewe alisimama kizingitini, simu mkononi, uzi bado umening'inia mdomoni.

"Zimeshapata moto?"