Mtungi Mwekundu wa Nungunungu

Nungunungu mmoja, mpenda vyake, alinunua mtungi wa gesi, akaupaka rangi nyekundu, akawa anausugua kila asubuhi. Jirani yake Pelele alikodi wake.

"Mwenzangu, utapikia cha kukodi mpaka lini?" Nungunungu alimtania.

Gesi ilipomwishia Nungunungu, akaubeba mtungi wake hadi dukani kwa Kicheche, naye akampa mwingine uliojaa, wenye kutu.

"Huu si wangu!"

"Mzee wangu, ndivyo tunavyobadilishana. Mtupu unabaki hapa, uliojaa unaondoka nao."

"Thubutu!" Nungunungu aliukumbatia wake, akarudi nao mtupu vilevile.

Jioni Pelele aliona jiko la jirani limepoa, akaja na sufuria ya maharage ya moto.

Nungunungu akameza mate, akamsogezea mtungi wake mwekundu.

"Karibu kiti, jirani."