Fundo la Kanga

Binti yake alikuwa amezikwa, naye Bi Somoe alikuja na kanga mpya ya kumbebea mjukuu. Mtoto mchanga atalelewaje na mwanamume? Alimkuta mkwewe, Shekue, amechutama kando ya bwawa, mtoto ananing'inia mgongoni kwa fundo legelege.

"Watazama nini?"

"Chura dume, mama. Kidimbwi kinakauka. Anawachimbia wanawe njia ya kwenda bwawani."

Chura alisukuma tope kwa miguu ya nyuma, akatulia, akasukuma tena. Maji ya bwawa yakapenya. Viluwiluwi wakamfuata baba yao.

Bi Somoe akalifungua lile fundo, akamchukua mtoto. Shekue hakugeuka, alifumba macho tu.

"Inama, baba," akasema Bi Somoe, akamrudisha mtoto mgongoni pale pale, kisha akaikunjua kanga mpya.