Mlango Unaopima Moyo

Dakika nne, Lugano! Mtaa mzima hakuna aliyewahi kufunguliwa mlango haraka hivyo! Nilinyoosha viungo, nikanywa maji ya ndimu, nikavuta pumzi. Mlango ukanipima moyo, ukasema, "Umetulia, Atupele. Toka."

Mama alirudia mazoezi yote mara sita, mlango ukamkatalia. Si unajua kila mtu anapimwa peke yake.

"Atu, umetulia? Leo, baba yako anazikwa?"

"Mazoea tu, Mama."

"Haya, nenda. Mimi ndiye mwenye moyo mbovu."

Kaburini nikatupa udongo mara mbili, wangu na wa Mama. Niliporudi, hakuniangalia. Shoga, mpaka sasa natetemeka. Mengine nitakusimulia kesho nikija kwako, mlango ukinifungulia.